Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: maji ya Kisumu huchemka kwa nyuzi 96

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa wakurugenzi wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, Baraza la Mitihani la Kenya na Tume ya Huduma za Walimu. Na kwa maafisa wa elimu wa Kaunti ya Kisumu na kaunti jirani.

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma katika Kaunti ya Kisumu, si mbali na ziwa, na nimeshika chaki kwa zaidi ya miaka 20. Nilifundisha chini ya mfumo wa zamani wa elimu, ule wa 8-4-4, hadi watahiniwa wa mwisho wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walipoufanya mwaka 2023, na tangu Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 nimekuwa miongoni mwa wanaoutafsiri kuwa kazi ya kila siku darasani. Siandiki kuulaumu mtaala huo. Naandika kwa sababu katika majedwali yake mna safu moja nyembamba, ile ya mwisho upande wa kulia, ambayo kwangu ina thamani kuliko zote, na ambayo sisi sote, nyinyi mlio ofisini na sisi tulio darasani, tumeiacha ikauke. Safu hiyo inaitwa Maswali Dadisi, yaani maswali ya kumfanya mtoto afikiri na kuchunguza.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka mmoja enzi za 8-4-4 nilikuwa nikifundisha Sayansi Darasa la Saba. Tuliazima kipimajoto kutoka shule ya upili iliyo jirani, tukawasha jiko la makaa chini ya mwembe, tukateleka sufuria ya maji. Kazi ilikuwa rahisi: kusoma joto la maji yanapochemka na kuandika nyuzi 100, kama kitabu kilivyosema. Mvulana aliyekabidhiwa kipimajoto akasema ni 96. Nikamwambia asubiri. Maji yakaendelea kutokota, mvuke ukamfunika uso, na kipimo kikakataa kupanda. “Mwalimu, bado ni 96. Kwani maji yetu yana nini?” Nilimjibu kwamba kipimajoto kimezeeka, aandike 100, kwa kuwa hilo ndilo litakaloulizwa katika mtihani. Akaandika, na darasa zima likaandika.

Miaka kadhaa baadaye, tukiwa tunasubiri matatu pale Kondele, rafiki yangu anayefundisha Fizikia ndiye aliyenifumbua macho. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi mahali ambapo kanieneo ya hewa ni ile ya usawa wa bahari. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa huo, hewa iliyo juu yetu ni pungufu, huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, nayo hupata upenyo wa kuchemka mapema, kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru, ulio juu ya mita 1,800, hapafiki hata 95; Eldoret, ulio juu ya mita 2,000, ni 93 hivi. Kitabu kilikuwa kikizungumzia maji ya Mombasa. Kipimajoto kilikuwa kizima, mvulana alikuwa ameona sawasawa, na mtu pekee aliyekosea chini ya mwembe ule ni yule aliyekuwa akilipwa mshahara.

Fikirini ambacho swali lake lingetufungulia. Tungejiuliza kwa nini binti wa nyanda za Kano, hapa Kisumu, aliyeolewa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, hulalamika kwamba maharagwe ya huko hayataki kuiva, sufuria yenye mfuniko uliokazwa inafanya nini hasa, na jambo lililoandikwa kitabuni linaweza kuwa kweli mahali pengine na lisiwe kweli hapa. Hilo la mwisho ni somo kubwa kuliko nyuzi zote. Sikumbuki kama mvulana yule aliniuliza swali jingine la Sayansi mwaka ule. Nakumbuka tu kwamba alipata alama nzuri.

Waheshimiwa, mkipita kando ya madirisha ya madarasa yetu, kutoka Nyalenda hadi Ahero, mtasikia wimbo mmoja. Mwalimu hutamka neno nusu, watoto wakalimalizia. “Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni Ziwa Vikto...?” “...ria!” “Na reli ilifika Kisumu mwaka elfu moja mia tisa na mo...?” “...ja!” Mimi ni bingwa wa wimbo huo. Una raha yake, kwa sababu watoto 68 wakiitikia kwa sauti moja mwalimu huona kwamba somo limeingia, ilhali kilichoingia ni silabi moja au mbili tu. Tena una maficho mazuri: asiyejua hufungua mdomo nusu sekunde baada ya wenzake, akaonekana naye anajua, na hivyo akafika Gredi ya 6 bila mtu yeyote kumgundua.

Muhula uliopita niliweka simu juu ya meza nikarekodi vipindi vyangu vitatu, dakika 35 kila kimoja, kisha jioni nikaketi kuhesabu. Katika kipindi cha kwanza pekee nilikuwa nimeuliza maswali zaidi ya 60. Yote ila machache yalikuwa na jibu moja, nalo limechapishwa kitabuni. Watoto waliniuliza maswali mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Sikuwahi kujiona kama mwalimu wa namna hiyo. Nilipokuwa chuoni nilikariri ngazi zote sita za kufikiri za Benjamin Bloom, zile alizozichapisha na wenzake mwaka 1956, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na ningeweza kuzitaja hata usingizini. Ila kuikariri ngazi si kuipanda.

Kilichonishtua zaidi katika rekodi ile ni jinsi nilivyokuwa sisubiri. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya Sayansi, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu wa kawaida akishauliza swali husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kulirudia, kumtaja mtoto mwingine au kujijibu mwenyewe. Aligundua pia kwamba mwalimu akijizuia kwa sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto hurefuka, waliozoea kukaa kimya hujitokeza, na watoto huanza kuuliza maswali yao wenyewe. Nilijaribu. Sekunde 3 mbele ya watoto 68 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Siku ya kwanza mwalimu mwenzangu alichungulia dirishani akidhani darasa halina mwenyewe. Hata hivyo wiki ya tatu msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari nilikuwa sijaisikia sauti yake, alinyoosha mkono. Sekunde 3 hazihitaji bajeti.

Huenda mkaniuliza swali zuri ni lipi, maana neno hili tumelichakaza katika semina. Kwa mwalimu wa darasani, swali zuri ni lile ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kusema “kwa sababu”, na ambalo mwalimu mwenyewe hana uhakika atajibiwa nini. Silidharau swali funge, lile lenye jibu moja tu. Mtoto asiyejua saba mara nane papo hapo hawezi kufikiri mbali, kwa kuwa akili yake itakuwa imekwama kwenye hesabu. Na wala swali wazi si lazima liwe zuri: nimewahi kuuliza “Mnaonaje kuhusu mazingira?” nikajibiwa “Mazingira ni mazuri, mwalimu”, jibu lililolistahili swali lenyewe. Swali linahitaji mfupa ambao mtoto anaweza kuutafuna.

Mfupa wa kwetu uko sokoni na ziwani. Siku moja niliwauliza wanafunzi wa Gredi ya 6: kwa nini gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ya omena, dagaa wa ziwa letu, hupanda bei mwezi unapokuwa mpevu? Wengi wao ni watoto wa akina mama wanaouza omena, na bei wanaijua kuliko mimi. Mmoja alisema wachuuzi ni walafi. Mwingine akamwuliza kwa nini basi ulafi uje na mwezi na kuondoka na mwezi. Nikanyamaza. Baadaye mtoto wa mvuvi akaeleza kwamba omena huvuliwa usiku wa giza, kwamba zamani wavuvi walitumia karabai na sasa wanatumia taa za sola, kwamba samaki hufuata mwanga ule, na kwamba mbalamwezi inapojaa ziwa lote huwa na mwanga, taa ya mtumbwi haiwavuti tena, na wavuvi wengi hulala nyumbani. Kimya. Kisha mtu akauliza: kwa nini basi wasikaushe na kuhifadhi za ziada wakati wa giza ili wauze wakati wa mwezi? Kutoka hapo tulikuwa katika Hesabu, Sayansi, Kilimo na biashara kwa pamoja, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyesimama. Sikuwa nimeandaa zana yoyote. Niliandaa sentensi moja.

Vivyo hivyo na magugumaji. Kitabu humwuliza mtoto ataje madhara matatu ya magugumaji, naye huyataja, kwa kuwa yameorodheshwa ukurasa uliotangulia. Nilipowauliza magugumaji yote yakitoweka ziwani usiku wa leo, kesho asubuhi nani atafurahi na nani atalia, walifurahi wavuvi na wenye mashua, lakini akatajwa pia msusi wa vikapu na viti anayeyakausha na kuyatumia, na mtoto mmoja akawatetea samaki wadogo wanaojificha chini yake. Walibishana kwa adabu, jambo ambalo wazazi wao, na niseme kwa heshima, hata baadhi ya viongozi wao, hawalijui sana.

Na kuna maswali yanayoamsha ubunifu, ambayo sisi walimu huyaogopa kwa sababu hayana namna ya kuwekwa vema au kosa. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, familia nyingi za nyanda za Kano zikiwa bado zinatoa matope ndani ya nyumba, niliwaambia wanafunzi waandike barua ambayo Mto Nyando ungewaandikia watu wa Kano kama ungejua kuandika. Msichana ambaye kwao maji yalifika dirishani aliandika kwa niaba ya mto: “Mimi sikuja kwenu. Njia hii nilikuwa nayo kabla ya babu zenu.” Mwezi uliofuata, katika mtihani wa majaribio ambao shule ilikuwa imeununua, swali la mafuriko lilikuwa na herufi nne za kuchagua, na msichana huyo alilikosa.

Hapo ndipo barua yangu inapowafikia nyinyi, Baraza la Mitihani. Tuseme kweli: mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, mzazi hununua kile kitakachoulizwa, na mwalimu mkuu hupandishwa au kuhamishwa kwa kile kilichoulizwa. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, ilipoanza mwaka 2022 tuliambiwa kwamba asilimia 60 ya alama zitatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, na asilimia 40 zitatokana na karatasi ya mwisho. Tulishangilia. Lakini karatasi ya mwisho ni ya kuchagua herufi na kupaka penseli, na kwa kuwa ndiyo inayoogopwa, imezivuta na zile tathmini nyingine ziifuate, sawa na ng'ombe kiongozi anavyolivuta kundi. Shuleni tunafanya mtihani wa kufungua muhula, wa katikati na wa kufunga, karatasi za kununua zote, A hadi D zote.

Najua hoja mnayoweza kuitoa, kwamba watahiniwa ni zaidi ya milioni moja na mashine husoma penseli kwa haraka na bila upendeleo. Ni hoja nzito. Hata hivyo nchi hii hii ilisahihisha insha za KCPE kwa mkono na kalamu nyekundu, kila mwaka, hadi mwaka 2023 ambapo watahiniwa walikuwa takriban milioni 1.4. Walimu walikusanyika, wakasawazisha alama, wakamaliza kazi. Sidai karatasi nzima ya maelezo. Naomba swali moja katika kila karatasi linalomtaka mtoto aandike sentensi tatu au nne za kutoa sababu, na katika mwongozo wa kusahihisha kuwe na ruhusa ya wazi ya kumpa alama kamili mtoto aliyetoa jibu ambalo hamkulitarajia ilimradi amelitetea. Swali moja tu likiwepo, wale wanaotuuzia karatasi za majaribio wataliiga muhula huohuo. Hata mvulana wangu wa nyuzi 96 angekuwa na pa kuandikia.

Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nina neno fupi zaidi. Wazo la kuweka maswali dadisi katika kila mada ndogo ni zuri, nami nawapongeza. Tatizo ni kwamba mara nyingi nakutana na maswali yanayoanza na “Kwa nini ni muhimu”: kwa nini ni muhimu kudumisha usafi, kwa nini ni muhimu kuwaheshimu wakubwa, kwa nini ni muhimu kutunza wanyama. Hilo ni swali lililokuja likiwa limekwisha kushiba jibu lake. Linamwambia mtoto kwamba jambo limeshaamuliwa, kazi yake ni kulipigia makofi. Kisha Mwongozo wa Mwalimu unaandika “majibu yanayotarajiwa” chini yake, na udadisi unaishia hapo. Katika baadhi ya mada, iacheni safu hiyo na nafasi tupu yenye maneno haya tu: swali la darasa lenu. Mtoto wa Turkana, wa Lamu na wa Seme hawawezi kudadisi kitu kimoja kwa sentensi moja. Sisi tuliopitiwa na ikweta pale Maseno tuna maswali ambayo mwenzetu wa Lamu hana, naye ana ya kwake.

Kuhusu mafunzo yetu kazini, nitasimulia jambo moja nisilitaje jina la mahali wala la mtu. Wakati wa likizo tulikusanywa ukumbini, walimu mia kadhaa, viti havitoshi, tufundishwe mbinu za udadisi. Mkufunzi alikuwa na slaidi nyingi na muda mchache. Akasoma: “Maswali dadisi humwezesha mwanafunzi kufi...?” Nasi, watu wazima, wengine wenye wajukuu, tukaitikia kwa pamoja: “...kiri!” Nilicheka kimoyomoyo, na baadaye njiani nikakosa raha. Mwalimu hawezi kuuliza vizuri ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa vizuri. Badala ya slaidi 80, tupeni kipindi kimoja halisi tukitazame, tuhesabu maswali, tubishane yepi yalistahili.

Na wenzetu wa kudhibiti ubora na viwango, ambao huja shuleni kwetu na hupokewa kwa chai na hofu. Wanapofika huomba azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi na orodha ya mahudhurio, na zikiwa zimejazwa na kupigwa mhuri tumepona. Sisemi karatasi hizo hazifai. Nasema kwamba nimeshuhudia mwalimu mwenye mafaili safi kama sahani za arusi ambaye darasani kwake mtoto haulizi kitu, na mwingine mwenye mafaili ya kuaibisha ambaye watoto humfuata hadi ofisini na maswali. Ombi langu ndilo dogo kuliko yote katika barua hii, na huenda ndilo litakalobadilisha mengi zaidi: katika fomu ya ukaguzi ongezeni mstari mmoja, “Wanafunzi waliuliza nini?”, na afisa aketi nyuma ya darasa aujaze kwa maneno ya watoto wenyewe. Mstari ukibaki mtupu, utakuwa umesema yote. Mwalimu akijua kwamba maswali ya watoto yanaandikwa na mtu mwenye mhuri, atayatafuta.

Siwezi kuacha suala la lugha. Sera yenu inasema kwamba kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Hapa mjini, nyingi kati ya shule ninazozifahamu huanza Kiingereza siku ya kwanza, kwa kuwa mzazi anaamini analipia Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka sita, ambaye nyumbani huwachosha wakubwa kwa “Ang'o momiyo?”, yaani “Kwa nini?”, kutoka alfajiri hadi usiku, akifika darasani hana kitenzi cha kuulizia. Anajifunza upesi kwamba kunyamaza ni salama. Wakati lugha ya kuulizia inapomfikia, miaka mitatu baadaye, hamu imeshaondoka. Mwacheni mtoto aulize kwa Dholuo, kwa Kiswahili, hata kwa Sheng, kisha tumsaidie kulivalisha swali lake nguo za Kiingereza.

Babu na bibi zetu walilijua hili. Katika siwindhe, nyumba ya yule bibi mzee aliyelea mabinti kwa hadithi na mafumbo, elimu ilianza kwa kufumbiwa jambo na kuachwa nalo. Wapwani nao wana “Kitendawili!” na “Tega!”, na asiyeweza kutegua hutozwa mji: atampa mwenzake Mombasa au Zanzibar, ataambiwa namna alivyosafiri na kukaribishwa huko, kila mtu atacheka, kisha jibu litatolewa. Tazameni namna kutojua kulivyowekewa bei ambayo mtu yeyote anaweza kuilipa. Darasani kwetu bei ni kubwa mno. Kiboko kilipigwa marufuku tangu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza pia kumtesa mtoto kisaikolojia, lakini bado tuna “Ulikuwa unasikiliza nini?” na “Wenzako wote wameelewa, ni wewe tu.” Ukutani tumeandika kwa rangi ya buluu kwamba kuuliza si ujinga. Mtoto anasoma ukuta, kisha anatusikiliza, na anaamua nani wa kuaminiwa.

Mtaniambia kwamba madarasa yamefurika, na ni kweli. Watatu katika dawati la wawili. Naomba walimu zaidi kama kila mwalimu anavyoomba, wala sitalirefusha. Lakini nimegundua kwamba msongamano huo hauzuii swali: namwambia kila mmoja afikiri kwanza, kisha awaambie wenzake wawili wa dawati lake, kisha dawati lichague la kutuambia. Wanafunzi 68 huwa sauti 23 hivi. Kelele hupanda, ndiyo. Naomba walimu wakuu waambiwe rasmi kwamba kelele ya namna hiyo si utovu wa nidhamu.

Na wazazi msiwabebeshe. Ile miradi tuliyowatuma watoto nayo nyumbani, ya kutengeneza sanamu za kutishia ndege, ilitengenezwa na akina mama saa nne usiku, na picha zikapigwa chapa saiba kwa pesa ya unga. Mtoto alijifunza nini? Kazi ile haikuwa na swali ndani yake. Angeulizwa tu ni ndege gani hula mtama wa shangazi yake, saa ngapi, na kwa nini sanamu huwatisha siku mbili kisha wakaizoea, angeifanya peke yake njiani akienda shule, bila senti.

Kwa kuwa nimewaomba nyinyi myasikilize maswali ya watoto, si haki nifunge barua bila kuwapa. Tangu muhula huu uanze nimetundika sanduku la katoni mlangoni, na kila Ijumaa tunalifungua. Haya ni baadhi ya yaliyomo, kwa maneno yao. Nani alihesabu samaki wa ziwa hadi akajua wanapungua? Ikweta ikipita Maseno, inapita juu au chini ya nyumba? Kwa nini tunaambiwa maji ni ya wote na sisi tunanunua kwa mtungi? Kwa nini mwalimu anauliza kitu ambacho anakijua? Je, mto unaweza kushtakiwa? Kama KPSEA haimfelishi mtu, kwa nini mama yangu alilia?

Matatu nimeyajibu, moja tunalifanyia uchunguzi, na mawili yanawahusu nyinyi moja kwa moja. Wanafunzi wameniuliza kama mtajibu. Niliwaambia tusubiri.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Gredi ya 6,
shule ya umma, Kaunti ya Kisumu